Vigingi Vyeupe vya Uwanja Mpya

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya njia ya kurukia, na ukungu ulikuwa umeifunika hadi mabegani kama shuka. Kando ya kichwa, ndege ndogo yenye mabawa mekundu ilikuwa imechomeka pua kwenye udongo. Bawa moja lilikuwa limevunjika.

Inspekta alisimama akasikiliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka watu waanze kujisemea.

"Unasikia nini, afande?" Konstebo alimuuliza.

"Sisikii kitu. Hapa hata ndege wa Mungu hawalii."

"Afande, usinianze asubuhi hii."

Marehemu alikuwa mwenyekiti wa klabu ya ndege za mfano: watu wazima wanaounda ndege kwa mbao nyepesi, wakazirusha kwa rimoti na kuzishangilia kama watoto. Uwanja wao wa zamani ulichukuliwa ukajengwa maghala. Huu mpya waliupigania. Walichanga, wakapiga magoti kwa wafadhili, wakazungushwa ofisi hata ofisi, na kila mwenye meza akawaambia njoo kesho. Sasa mambo yalikuwa tayari. Jumamosi mkubwa wa halmashauri angekuja kukabidhi hati, na mfadhili alikuwa ameshaagiza lami. Sharti lilikuwa moja: ndege za klabu zisiwe zimemuumiza mtu.

Aliyeiona maiti ni mlinzi, mzee mwenye koti lililompita kimo.

"Uliona nini, mzee wangu?"

"Kuona sikuona. Nilisikia watu wawili ndani ya ukungu. Mmoja anauliza, 'Wapi? Nionyeshe wapi.' Anauliza kama mtoto aliyepotelewa na mama sokoni. Halafu kimya."

"Sauti ya nani?"

"Ukungu huu, mama, sauti zinakujia hazina mwenyewe."

"Mbona hukwenda kutazama?"

"Nilinde uwanja au nilinde roho? Mshahara wanaonipa ni wa uwanja."

Konstebo alicheka, akajikohoza.

"Na ndege hukuisikia ikiruka?" aliuliza Inspekta.

"Leo hapana. Siku nyingine ndiyo. Wiki kadhaa sasa, kunapopambazuka, kuna kitu kinanguruma juu. Vuuu. Kama nyuki aliyefungiwa koponi. Kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kama mtu anayelima. Ukiinua macho huoni kitu. Nilimwambia mwenyekiti. Akaniambia nipunguze kulewa. Mimi, mama, hata soda inanipa kiungulia."

Wanachama walianza kufika. Mbele yao alikimbia katibu wa klabu, mwanamke mnene, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Usiandike ndege!" alipiga kelele kabla hajafika. "Inspekta, dada yangu, nakushika miguu, usiandike ndege!"

"Niandike nini?"

"Andika moyo. Andika presha. Andika hata kauawa! Lakini si na ndege. Ukiandika ajali ya ndege, Jumamosi hatuna hati. Uwanja umekwenda na maji."

"Mwenyekiti wako hajapoa bado, wewe unalilia uwanja?"

"Yeye mwenyewe angeulilia."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Kweli kuna vituko. Inspekta alikuwa amezoea watu wanaoomba mauaji yaitwe ajali. Wa kuomba kinyume chake hakuwahi kuwaona.

Mmoja tu hakuitikia. Alisimama pembeni, mrefu, mkavu kama fito, vidole vyake vimekakamaa kwa gundi ya miaka mingi. Ndiye fundi wa klabu. Walimwita Gundi, na hakuna bawa pale ambalo hakulishika. Alikuwa mgane asiye na mtoto.

"Ni ndege," alisema Gundi taratibu. "Tusiidanganye serikali. Ilimjia kwa nyuma ikampiga."

"Gundi, funga mdomo!" Katibu alifoka.

"Imeua. Na uwanja ufungwe. Ufungwe kabisa."

Inspekta alimtazama kwa muda, kisha akachuchumaa kando ya ndege. Kifuniko cha betri kilikuwa wazi. Waya ulikuwa umechomolewa na kulazwa pembeni, vizuri kabisa, kama mtu anavyolaza kijiko baada ya kula.

"Katibu, hebu niambie. Ndege ikianguka, mnafanya nini kwanza?"

"Tunachomoa betri. Betri iliyogongwa hushika moto. Hapa kwetu mtu huchomoa betri kwanza, ndipo analia."

"Hata kama kuna mtu ameumia?"

"Mikono inakwenda yenyewe, dada. Ni mazoea."

"Na maiti, mikono yake nayo inakwenda yenyewe?"

Katibu aliivaa ile ndala ya mkononi.

"Na jingine. Nani kati yenu hurusha ndege kwenye ukungu kama huu?"

"Hakuna. Usichokiona utakirushaje? Mwenyekiti alikuja kuijaribu ndege ya Jumamosi. Bila shaka alikuwa anangoja kuwe kweupe."

Basi ndege haikuruka. Aliyeivunja aliivunja kwa mkono, na mkono huo ulikuwa wa mtu wa klabu.

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Andika moyo," alisema mkuu.

"Fuvu limepasuka, afande."

"Moyo ukisimama mtu huanguka. Akianguka fuvu hupasuka. Wewe ulisoma wapi? Mkubwa anakuja Jumamosi, viti vimeshakodiwa."

Ndivyo walivyo. Wakubwa wakishapanga jambo, hata maiti hutakiwa kukubaliana nao.

Chumba cha maiti kilikuwa na taa moja inayopepesa. Daktari wa uchunguzi alivua glavu, akazungumza bila kuinua uso.

"Rafadha, pangaboi la puani mwa ndege, hukata kama kisu. Hukata mara kadhaa, na mikato inafuatana. Hapa hakuna mkato. Hapa kuna pigo moja la chuma chenye pembe."

"Kutoka nyuma?"

"Kutoka mbele. Kwenye paji la uso. Walikuwa wanatazamana. Halafu akageuka, akaenda hatua mbili tatu, akaanguka kifudifudi."

Aliinua kibano. Ncha yake ilikuwa imeshika kipande kidogo kama ganda la yai.

"Rangi. Nyeupe. Ilikuwa ndani ya jeraha."

Mchana Inspekta na Konstebo walirudi uwanjani. Ukungu ulikuwa umeondoka, lakini mbingu ilikuwa imeshuka chini kama dari ya nyumba mbovu. Kandokando ya njia ya kurukia, pande zote mbili, vilisimama vigingi vya chuma cha pembe, vimepakwa rangi nyeupe, vimenyooka kama watu wanaongoja kuitwa.

Walipita wakivitikisa. Vyote vilikuwa vimekaza, isipokuwa kimoja. Hicho kiling'oka kwa vidole viwili. Ncha yake ya chini, iliyopaswa kuwa na tope tu, ilikuwa imefutwa safi.

Inspekta alichukua ufunguo wa gari akakwaruza rangi. Chini ya rangi paligongwa namba. Alikwaruza cha jirani. Namba. Cha mbele yake. Namba nyingine.

"Namba za viwanja?" aliuliza Konstebo.

Mlinzi, aliyekuwa amewafuata, alirudi nyuma mikono mgongoni.

"Mzee, hapa palikuwa na nini?"

"Si hospitali ile ya karantini waliyoibomoa? Hapa ni nyuma yake. Nilikuwa mlinzi wa geti wakati wa ule ugonjwa. Walioingia kwa mbele walitokea huku nyuma."

"Walizikwa hapa?"

"Na watu waliojifunga plastiki mwili mzima. Kila mtu na kigingi chake, kila kigingi na namba yake. Ndugu waliambiwa wamezikwa makaburi ya halmashauri, kule mbali. Wasije wakasumbua."

"Cheti cha halmashauri kinasema ardhi tupu."

"Tupu kwa juu," alisema mzee.

Konstebo aliinua mguu mmoja. Kisha akabaki nao hewani, hajui autue wapi.

"Nani alivipaka rangi hivi vigingi?" aliuliza Inspekta.

"Gundi. Nani mwingine hapa anashika brashi?"

Gundi alikaa chumba kimoja. Ndege zilining'inia darini kwa nyuzi, kubwa kwa ndogo, zikizunguka polepole ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Kitanda kilitandikwa kwa mito miwili, na mto mmoja haukuwa na bonde la kichwa. Mwenyewe alikuwa mezani akisugua bawa kwa msasa. Hakuinuka.

"Karibu, mama. Kiti hicho ni cha mke wangu, lakini kaa. Hana neno."

Konstebo alikisogelea, kisha akaamua kusimama. Inspekta alikaa.

"Wewe ndiye unayerusha alfajiri."

"Ndiyo mimi." Alinyoosha kidole darini, kwenye ndege nyeupe yenye kamera ndogo tumboni. "Jua likiwa chini, kila bonde dogo lina kivuli chake. Ukisimama huwezi kuona. Ukiwa juu unaona."

"Uliona nini?"

Alifungua simu yake akaisukuma mezani. Ilikuwa picha ya uwanja kutoka angani. Chini ya njia ya kurukia, majani yalikuwa na mistatili ya kijani kilichokolea, safu kwa safu, kama vitanda vya wodi. Inspekta alizihesabu safu mpaka kidole kikafika ukingo wa kioo.

"Ulisema ndege ilimpiga kwa nyuma," alisema. "Alipigwa usoni."

"Basi nilikosea."

"Rafadha haina rangi nyeupe."

Msasa ulikwenda ukarudi.

"Na betri ilichomolewa, Gundi. Ikalazwa vizuri."

Msasa ulisimama. Gundi aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama anatazama watumishi waliomsaliti.

"Hii," alisema. "Sikujua hata kama imefanya hivyo."

"Nieleze."

"Mke wangu aliingia hospitali ile kwa miguu yake. Sikuruhusiwa kupita getini. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alikuja dirishani akaniambia, 'Shemeji, dada ametutoka.' Akanionyesha namba yake kwa vidole. Akarudia nisisahau. Ofisini wakaniambia yuko makaburi ya halmashauri. Nikaenda. Namba zile hakuna. Nikarudi kuuliza. Huyu akanituma kwa yule, yule akaenda likizo. Mwisho nilichagua kaburi moja lisilo na jina, nikawa nalifagia hilo. Miaka yote hiyo, mama, nimemfagilia mke wa mtu mwingine."

"Halafu?"

"Halafu tukapata uwanja. Nilishangilia kama wenzangu. Mwenyekiti akaniletea rundo la vyuma vyenye kutu. 'Gundi, vipake vyeupe, tuviweke mpakani.' Nikasugua kutu. Nikaona namba. Nikasugua kingine. Cha tatu nikaacha kusugua, nikaanza kutafuta." Aliuweka msasa mezani. "Alikuwa chini kabisa ya rundo."

Konstebo alivua kofia bila kuamriwa.

"Kwa nini ulikipaka rangi?"

"Ningefanya nini? Mwenyekiti alikuwa amevihesabu vyote. Nikampaka mke wangu rangi, nikamsimika kwa mikono yangu, ili watu wasivuke njia ya kurukia. Kisha nikaanza kuruka alfajiri. Mashimo niliyaona yote. Lakini lake ni lipi? Vigingi vimeng'olewa. Aliyesimamia kung'oa ni mwenyekiti peke yake, maana alitaka iwe siri. Yeye na hao wa halmashauri walijua tangu mwanzo."

"Ukamfuata leo asubuhi."

"Nilikwenda na kigingi chake. Sikutaka ugomvi. Nilitaka kitu kimoja tu, anionyeshe kilipotoka. Kabla ya lami. Lami ikishamwagwa, nitamtafutia wapi?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Gundi, ndugu yangu, vilirundikwa tu, chuma ni chuma.' Nikamwambia kuna watu chini. Akasema, 'Wafu hawalipi ada ya uanachama.'"

Ndege moja darini iligeuka ikawatazama, kisha ikageuka tena.

"Ukampiga."

"Kupiga sikumbuki. Nakumbuka alivyolala. Nikamsikia mlinzi anakohoa. Nikachukua ndege yake, nimeijenga mwenyewe ile, nikaivunja. Kigingi nikakifuta, nikakirudisha mahali pake."

"Ungeacha tu ukaondoka. Pengine nisingekupata. Kwa nini useme ni ndege mbele ya watu wote?"

Gundi aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Mauaji hufunga mtu, mama. Ajali ingefunga uwanja."

Alinyoosha mikono yeye mwenyewe. Inspekta alimtia pingu polepole, asimbane vidole.

Siku ya pili mkuu wa kituo alifurahi mpaka akaagiza chai ya ofisi nzima.

"Amekiri. Kesi imekwisha. Kaondoe utepe wako kule uwanjani, watu wa lami wako njiani. Jumamosi iko palepale."

"Na makaburi, afande?"

"Makaburi gani? Cheti kinasema ardhi tupu. Au unajua kuliko muhuri?"

Inspekta alipiga saluti akatoka. Njiani alipita stoo, akachukua maboksi yote ya utepe wa polisi yaliyokuwepo.

Alipofika, lori la lami lilikuwa limeshaingia getini, likitoa moshi, na gari la kushindilia nyuma yake. Katibu na wanachama walikuwa wamepanga viti vya wageni. Inspekta alimpa Konstebo ncha ya utepe.

"Zungusha."

"Pale alipolala, afande?"

"Uwanja wote."

Konstebo alimtazama, akamwelewa, akaenda. Alitembea kwa kunyata pembezoni mwa majani, utepe ukimfuata, mpaka ukazunguka vigingi vyote na viti vya mkubwa pamoja navyo.

Katibu alikuja mbio.

"Dada, muuaji si mmemkamata? Hiki tena nini?"

"Aliua kwa kigingi. Vigingi vyote ni vielelezo vya kesi. Kila kimoja lazima nijue kilitoka wapi, na chini yake yuko nani. Mpaka hapo, hapa haingii mtu."

"Sisi hatukujua," Katibu alisema, sauti imeshuka. Alitazama majani chini ya miguu yake, akavua ndala. "Wallahi hatukujua. Sasa mpaka lini?"

"Waulize waliopiga muhuri."

Simu ya Inspekta iliita. Jina la mkuu lilisomeka kwenye kioo. Aliitia mfukoni ikaendelea kuita.

Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani, jasho limemjaa.

"Mama, tuelewane. Lami haingoji. Ikipoa inaganda humu ndani, gari la watu linaharibika."

"Iache igande," alisema Inspekta. "Hawa wamengoja zaidi."