Alhamisi za Faina

— Vadim ni nani?

Lazar aliuliza akiwa ameshika simu ya mkewe. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Alhamisi saa nne, kama kawaida. Usichelewe. Vadim."

Faina aliendelea kumenya viazi. Hakukana, hakulia. Hasira ya mumewe aliisikia kama televisheni ya jirani.

— Ni mtu tu, alisema.

Miaka sita ya ndoa hapo Brooklyn alikuwa hivyohivyo. Mama yake alipozikwa hakutoa chozi. Lazar akitaja mtoto, alibadilisha mazungumzo.

Alhamisi Lazar alifunga kibanda chake cha kushona viatu, akamfuata. Faina aliingia zahanati. Mapokezini alikaa mzee wa miaka sabini mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni. Kibao chake kiliandikwa Vadim. Lazar alitamani ardhi ipasuke. Mlango ukafunguliwa, mkewe akatoka akifuta mafuta ya kipimo cha ultrasaundi shingoni, daktari nyuma yake.

Faina alimwona mumewe. Hakushtuka. Akamwambia daktari aseme tu, huyo ni mume wake.

Daktari akaeleza: hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja mwaka huo, na tezi ya shingo haina kasoro. Aliyehitajiwa na Faina ni daktari wa akili. Alikwisha kumshauri mara nne.

Walikaa kwenye benchi la korido. Hapo ndipo Faina aliposema, kwa sauti ileile ya kuagiza mkate. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka alikuwa Gomel, mji usio mbali na hapo, ana miaka kumi na mitatu. Hawakuambiwa kitu kuhusu sumu iliyokuwa hewani. Siku tano baadaye, Mei Mosi, waliandamana barabarani na shule.

— Tangu hapo nangoja kuugua, Lazar. Miaka ishirini. Nimengoja mpaka sisikii kitu kingine. Hata wewe sikusikii.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeniita kichaa. Kwetu ndivyo wanavyosema.

Lazar naye alikulia Mozyr, mji wa mkoa uleule, na mwaka ule alikuwa huko.

— Faina, tufaha naliosha mara tano na bado silili. Ulidhani silipendi?

Faina akamtazama, labda kwa mara ya kwanza mwaka ule. Hakutabasamu. Lazar akainuka, akamwendea Vadim, akasema kwa nguvu ili mzee asikie:

— Yule daktari wa akili. Tuandike wawili.