Gauni Dogo la Harusi ya Yadira

Zipu ilifika katikati ya mgongo wa Itzel Cantú, ikagoma. Jumamosi hiyo duka la nguo za harusi lilikuwa limefurika, kama kawaida ya San Antonio mwezi wa Mei. Akina mama waligombea vioo, watoto walijificha chini ya magauni, na katikati ya zogo hilo Bi Graciela alikuwa amemwekea binti yake goti kiunoni, anavuta.

"Ingiza tumbo ndani!"

"Nimeliingiza, mama. Limeshafika mgongoni."

"Basi ingiza na mgongo!"

Lilikuwa gauni la rangi ya pichi, sare ya wasindikizaji wa bibi harusi, binamu yake Yadira. Lilikuwa dogo kwa makusudi. Bi Graciela aliagiza saizi mbili chini ya mwili wa mwanawe, akiamini kwamba gauni likishalipiwa, mwili utaona aibu na kulifuata.

Upande wa pili wa kioo, kijana mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri alikuwa amenyoosha mikono, fundi akimpima suti. Mkono mmoja ulishika mkate mtamu, juu umepakwa sukari ya waridi.

"Dada, utazimia," alisema. "Chukua nusu."

Itzel hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Mkono wake uliondoka wenyewe. Bi Graciela akaupiga kofi ukiwa bado hewani.

"Atakula baada ya harusi!"

"Harusi ya nani?"

"Ya Yadira."

"Ala! Mimi ni Eliseo, rafiki wa bwana harusi. Nimepangiwa kutembea na msindikizaji anayeitwa Itzel."

"Ndiye mimi," Itzel akajibu kwa pumzi iliyobaki. "Nikiwa hai."

Jioni hiyohiyo simu ikalia; Eliseo alikuwa ameomba namba yake kwa Yadira.

"Umekula nini, mrembo?"

"Matango. Na harufu ya chakula cha jirani."

"Nikuletee tamale za bibi yangu?"

"Usizitaje nikiwa kitandani, Eliseo. Nitatafuna mto."

Walicheka mpaka Bi Graciela akagonga ukuta. Simu zikawa za kila siku. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale: asubuhi mama anauliza, "Hayo mapaja ni ya nani?" na jioni anampakulia wali na maharage mlima mzima. "Mbona huli? Unataka watu waseme nakunyima?" Itzel akila alisemwa, asipokula alisemwa.

Eliseo alipomwalika kwa bibi yake Jumapili, Bi Graciela alitoa kabatini mkanda wa kubana tumbo, mgumu kama tairi, wenye kulabu kuanzia kifuani hadi mapajani.

"Mama, nakwenda kula!"

"Unakwenda kutazamwa. Vuta pumzi."

Ilikuwa pumzi yake ya mwisho siku ile.

Bibi Chole hakuwauliza wasichana wamesoma wapi. Aliwapakulia, kisha akawatazama midomo. Tamale zilitoka jikoni zikifuka moshi: unga wa mahindi uliojaa nyama ya pilipili, umefungwa ndani ya maganda ya mahindi. Itzel alimeza tonge la kwanza, likakwama mahali mkanda ulipoanzia. La pili likakaa juu ya la kwanza. Bibi alipogeuka, akaifunga tamale iliyobaki kwenye karatasi na kuitumbukiza mkobani.

"Umemaliza? Hodari!" Bibi Chole akampakulia nyingine tatu.

Itzel hakumwona mbwa wa Bibi Chole aliyelala chini ya meza. Kizee kile kisicho na meno kiliikokota tamale kutoka mkobani na kuiweka miguuni pa Bibi Chole kama zawadi. Bibi akainama, akaiokota tamale yake, akaingia nayo jikoni.

Eliseo alimsindikiza Itzel hadi kwenye gari.

"Bibi ameamka alfajiri kukanda ule unga. Ungesema tu huvipendi vyakula vyetu."

Itzel angeweza kumwambia. Lakini msichana atamwambiaje mwanamume anayempenda kwamba amefungwa kama furushi?

"Sikuwa na njaa," alisema.

Simu zikakoma.

Siku ya harusi walitembea kanisani wameshikana mikono kama watu wanaobeba meza. Ukumbini, Itzel alipoketi, kulabu ya kwanza ya mkanda ilifyatuka. Ta! Kisha ya pili. Akakimbilia msalani, mama yake nyuma.

"Kaza! Chakula ndio kwanza kinatoka!"

"Sikazi, mama. Nimempoteza Eliseo kwa sababu ya kitu hiki. Nilificha chakula cha bibi yake kwa sababu hakikuwa na pa kupita!"

"Mimi nimevaa mkanda tangu nikuzae wewe! Hata sasa nimeuvaa!"

Itzel akamtazama. Mama yake alikuwa mwekundu kama nyanya, jasho linamtiririka shingoni.

"Na unaweza kupumua, mama?"

Bi Graciela alijifuta jasho. "Kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

Maji yakafunguliwa kwa kishindo chooni. Mlango ukafunguka, akatoka Bibi Chole, shali nyeusi begani.

"Kumbe ni mkanda!" alisema. "Na mimi nimelala nikidhani ni chumvi niliyozidisha. Geuka, mjukuu wangu."

Mkanda ulianguka sakafuni. Zipu haikufunga tena, ila Bibi Chole alimfunika mgongo kwa shali yake na kumkokota hadi kwenye meza ya tamale alizozipika mwenyewe kwa ajili ya harusi.

Eliseo alimkuta kwenye sahani ya pili.

"Leo una njaa?"

"Nilikuwa nayo hata siku ile. Mama alinifunga mkanda, tonge halikupita. Niliona aibu kukuambia."

Eliseo alicheka mpaka akashika meza. "Wiki nzima sijalala, Itzel, kwa ajili ya mkanda?"

Bi Graciela akapita mbele yao, tumbo limetangulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mkoba wake umevimba kwa mikanda miwili. Akaketi, akavuta sahani.

Eliseo akasogeza kiti. "Itzel, nataka kukuuliza jambo. Jambo kubwa."

Itzel akainua kidole, mashavu yamejaa.

"Ngoja nimeze kwanza."

Eliseo akangoja.