Jina Alilopachikwa Ramlo

Kila asubuhi Ilhan alimpitia Ramlo, mwenzake wa dawati, wakaenda shule pamoja kwenye vumbi la vichochoro vya mtaa wa Galbet. Ramlo na mama yake walikuwa wamehamia Garissa kutoka Kotile, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wao wote. Hijabu yake ya shule ilikuwa hiyo hiyo moja, imepauka na pindo limeraruka.

Siku moja Mwalimu Sharifo aliandika ubaoni neno la Kiingereza, "shabby".

"Maana yake ni kitu kilichochakaa kwa kutumika sana," alieleza. "Tunalitumia kwa nguo, viatu, hata nyumba. Nani atanitungia sentensi?"

Ilhan, ambaye kwake sifa zilikuwa tamu kuliko halwa, alinyoosha mkono mbio. "Hijabu ya Ramlo ni shabby!"

Darasa zima likaangua kicheko. Lo! Na watoto wa Garissa mnawajua kwa majina ya utani. Kufikia mapumziko, Ramlo alikuwa ameshakuwa Shabi. Hata wadogo wa Gredi ya Kwanza, wasiojua maana yake, walimfuata wakiimba, "Shabi! Shabi!"

Kesho yake Ramlo hakuja shule. Wala kesho kutwa. Ilhan alisutwa na moyo, akamsihi Mwalimu Sharifo waende kwao kumrudisha.

Mama yake Ramlo aliwakaribisha chai, ingawa sukari ilikuwa ya kukwangua. Ramlo aliwapa mgongo.

"Nisamehe, Ramlo," Ilhan alisema huku akilia. "Wallahi, nitawakataza wote wasikuite vile."

"Huwezi, mwanangu," mama yake Ramlo alisema polepole. "Kwetu Wasomali, jina la utani likishashika, mtu huzikwa nalo. Marehemu baba yake aliitwa Dhegoole, yaani kiziwi, tangu utotoni. Siku ya maziko nilitaja jina lake halisi, majirani wakaniuliza huyo ni nani."



Jumatatu Ramlo alirudi, kwa kuwa mama yake alikataa katakata aache masomo. Ilhan alisimama mbele ya darasa, akakiri kosa lake na kuwaomba wenzake waliache jina lile. Wote wakakubali. Lakini mapumziko yalipofika, mtu akapaza sauti uwanjani, "Shabi, rusha mpira!"

Na Ramlo akageuka.

Ilhan alimtazama mwalimu wake, aliyesimama naye kando ya uwanja, machozi yakimlengalenga.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mwalimu Sharifo alisema kwa huzuni. "Nguo ikichakaa hununuliwa nyingine, Ilhan. Heshima ya mtu haiuzwi dukani. Fikiri kabla ya kusema, hata kama unalolisema ni kweli. Na kuanzia leo, wewe mwite Ramlo, hata ukibaki peke yako."

"Itatosha, mwalimu?"

"Haitatosha. Mwite tu."

Ilhan akapangusa macho, akaingia uwanjani katikati ya kelele zile, na kumwita mwenzake kwa jina lake.