Mtoto Aliyejibu kwa Herufi

Uvumi uliletwa na mteja mgeni, mchana, akiwa amesimama juu ya kigoda akipimwa gauni.

"Fundi, hujasikia? Huku mitaani kuna mtoto amepotewa na maneno. Ukimsalimu hajibu. Midomo inacheza tu, herufi, herufi."

Fundi cherehani akacheka, pini zikiwa mdomoni. "Watu hamkosi la kusema." Lakini maneno yale yalimganda kama nyuzi kwenye sketi, akashindwa kuyapangusa.

Binti yake alikuwa darasa la saba. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Jumatatu angefanya mtihani wa kuingia shule ya bweni. Nafasi zilikuwa chache, na sehemu ngumu ilikuwa mafumbo ya herufi: neno limeandikwa kwa siri, ugundue kanuni iliyotumika, kisha uandike neno jingine kwa kanuni hiyo.

Wiki ile nyumba ikawa kimya. Chiriku alikula akitazama ukuta. Fundi alipogeuza pindo la gauni la mteja, akakuta chaki: TJNV. Akafuta. Kesho yake herufi zilezile zilikuwa ukingoni mwa meza, na nyuma ya mlango.

"Mwanangu, hii nini?"

"Si kitu, mama." Midomo ikaendelea kucheza.

Alhamisi mteja akaja kuchukua gauni. "Yule mtoto uliyenisimulia habari zake," fundi akamuuliza, "ni wa nani?"

"Simjui. Asubuhi hupita dirishani kwangu. Sare yake ina kiraka cha bluu begani."

Mkasi ukamponyoka fundi. Kiraka kile alikishona kwa mkono wake.

Alikwenda shuleni bila hata kuvua tepu shingoni. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, karatasi tatu mbele yake.

"Afadhali umekuja, Mama Chiriku. Tazama. Hili ni jaribio la jana. Watoto watatu, nimewakalisha pembe tatu. Swali la nne wote wameandika TJNV."

"Wametazamiana?"

"Wasingeweza. Na jibu si hilo. Na watoto watatu hawakosei sawasawa hivi, herufi kwa herufi."

Chiriku akaitwa, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nani anakutuma uandike hivi?"

Machozi yakamtoka Chiriku. "Ni karatasi ya majibu ya mwaka jana, mama. Tulipewa na dada wa mwenzetu. Tumekariri yote arobaini. Sasa hata nikisalimiwa, nasikia herufi tu kichwani."

Mwalimu akashika chaki. "Mwaka jana, MOTO iliandikwa NPUP. Kila herufi ilisogea mbele hatua moja, ndiyo maana SIMU ikawa TJNV. Katika jaribio langu nimewapa neno hilohilo kwa kanuni nyingine: MOTO ni LNSN. Zimesogea wapi?"

Chiriku akausogelea ubao. "M imekuwa L. Imerudi nyuma."

"Usiishie hapo. Jaribu na nyingine."

"O imekuwa N. T imekuwa S. Zote zimerudi moja."

"Basi SIMU?"

"R... H... L... T." Mara hii herufi zilitoka kwake mwenyewe.

Fundi akavua tepu shingoni. "Mimi nampima kila anayeingia, hata awe pacha wa aliyetoka. Nikikata kwa kipimo cha mwingine, nguo haivaliki."

"Umemsikia mama yako," mwalimu akasema. "Kukariri majibu ya wengine ni udanganyifu, na anayedanganywa kwanza ni wewe. Kichwa ulicho nacho kinatosha, kifanyishe kazi."

Karatasi ile ikachanwa. Siku tatu mama na mwana walitunga mafumbo kwenye meza ya cherehani. Jumatatu, kanuni iliyokuja ilikuwa ya kuruka hatua mbili, ambayo hakuna aliyewahi kuikariri. Chiriku akaipima herufi kwa herufi, na nafasi akaipata.

Aliporudi na habari hiyo aliongea mpaka mama akamwomba anyamaze kidogo. Aliponyamaza, mama akashtuka. "Hapana, mwanangu, endelea tu."

Basi wewe unayesoma, epuka haya:

Usipokee karatasi ya majibu, hata ikitoka kwa ndugu.
Usikariri jibu ambalo hujui limepatikanaje.
Usiiamini kanuni kwa herufi moja. Ipime kwa zote.
Usiruke mfano uliopewa kwa kudhani unaujua.
Usimfiche mzazi jambo linalokunyima maneno.