Bamba la Mkonge Kifuani

Wako watu wanaokutana harusini, wamependeza, na ndugu wako pale pale kuwapigia debe. Hawa wawili walikutana kwenye mlango wa ukaguzi wa stesheni, saa mbili asubuhi, watu wamesongamana na kila mmoja anamkanyaga mwenzake. Mwanamke alivaa gauni la kijani lililonyooshwa vizuri na viatu vyenye madoa ya gundi. Alipita kwenye ule mlango unaolia chuma kikipita, nao haukulia. Lakini mlinzi aliuona mkoba wake umetuna kwa namna asiyoipenda.

"Dada, samahani. Humo ndani kuna nini?"

"Fulana ya kuzuia risasi."

Mlinzi alichungulia. Aliona bamba la kahawia, pana kama sinia ndogo, nyuzi zikionekana ndani ya gundi iliyoganda.

"Hii si kamba imekandamizwa?"

"Ni mkonge. Nyuzi zinasukwa, zinapangwa tabaka juu ya tabaka na gundi, kisha zinabanwa kwa mashine ya moto. Uzito wake ni nusu ya chuma."

"Na risasi wameiambia habari hiyo?"

Mwanamke hakutaka kucheka, ila alicheka. "Ukitaka kujua, njoo maabara nikuonyeshe, afande."

"Nitakuja, Fundi Kamba. Nipe namba."

Watu wa nyuma walianza kulalamika, na haki yao. Majina hayo yakawaganda tangu siku hiyo.

Miezi mitano simu hazikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Basi shiba upesi, mwenzio nina kazi."

Kisha kampuni ikamtoa Afande stesheni, ikampeleka kusindikiza malori ya mizigo. Mwezi uliotangulia, majambazi wa njia hiyo walikuwa wamewapiga risasi walinzi wawili, wakafa. Walinzi walikuwa kumi na wawili, na mabamba ya chuma matano tu, yakivaliwa kwa zamu. Siku ambayo si zamu yako, unavaa shati na kumwomba Mungu.

Fundi Kamba akakosa raha. Maabara kwao kila mkupuo wa mabamba, yaani yale yaliyotengenezwa pamoja, hupimwa kwa risasi mara mbili: kwanza makavu, halafu yaliyolowekwa maji siku nzima, maana mkonge ni mmea na mmea hunywa maji. Mkupuo uliokuwapo ulikuwa umepigwa mkavu tu, na mabamba matatu yalikuwa yamezuia risasi zote. Afande alikuwa anasafiri Jumatatu. Jumamosi mpenzi wake alichukua bamba la mkupuo ule ule akampelekea, bila kungoja maji. Mapenzi yalikuwa yamemtia haraka.

Mama yake Afande, fundi cherehani, alilishonea mfuko wa khaki wenye mikanda. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Hii ni kazi ya mkwe wangu."

Afande alilivaa kila safari. Zamu yake ya chuma akampa mwenzake mwenye mtoto mchanga, naye Fundi Kamba hakuambiwa.

Wiki ya tatu mabamba yaliyolowekwa yakapigwa. La kwanza likatoboka. La pili likatoboka. Baada ya la tatu, Fundi Kamba aliketi sakafuni na koti lake jeupe, akifikiria jasho la mtu anayeshinda juani juu ya lori. Alimwogopa mkuu wa maabara, alimwogopa Afande, na zaidi aliogopa kuitwa mzembe. Akapiga simu akiwa na hofu zote tatu.

"Afande, nalihitaji lile bamba. Kuna vipimo nataka kurudia."

"Lipi, langu?"

"Ni kwa muda tu, mpenzi. Nirudishie kesho."

 Siku zote Afande alikuwa na wasiwasi kwamba msomi kama yule ipo siku atamwona mlinzi hamfai.

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna mtu. Kwa nini unasema hivyo?"

"Anayedai zawadi yake ameshaondoka, kilichobaki ni kuaga. Kama umenichoka, sema."

"Sijakuchoka."

"Basi litabaki kifuani kwangu." Akakata simu.

Hapo ndipo alipopaswa kumpigia tena, aseme neno moja la kweli. Mimi nisiyehusika ningemshika mabega nikamtikisa. Alipiga mara tatu kesho yake, lakini ili abembeleze, na Afande hakupokea. Kila asubuhi alikaza mikanda zaidi, nusu kwa hasira, nusu kwa mapenzi, akapanda lori.

Siku ya tano Fundi Kamba alipiga moyo konde, akaenda kwa mama yake Afande.

"Karibu, mwanangu. Mmegombana? Mwenzio halali, hali."

"Mama, lile bamba halifai. Likilowa, risasi inapita. Nilimpa kabla sijamaliza kulipima."

Cherehani ikasimama.

"Umejua lini?"

"Leo siku ya tano."

Mama alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi, kifo umemwachia mwanangu."

Akachukua simu yake mwenyewe. Afande hakuwahi kukosa kupokea simu ya mama.

"Shikamoo mama. Niko getini, ndiyo tunaondoka."

"Usipande hilo lori. Ongea na huyu."

Fundi Kamba aliishika simu kwa mikono miwili. "Afande, bamba lako likilowa jasho halizuii kitu. Nilijua siku ile nilipokupigia. Livue."

Alisikia injini ikinguruma, na pumzi yake.

"La chuma amevaa mwenzangu," Afande alisema. "Nilimpa zamu yangu kwa sababu yako."

"Basi shuka. Nakuomba."

"Nikishuka anakwenda peke yake. Uko tayari kumwambia bosi wangu haya?"

"Mpe simu."

Akamwambia bosi kila kitu: jina lake, maabara yake, kosa lake. Lori halikutoka siku ile. Adhuhuri habari ilikuwa mezani kwa mkuu wa maabara, na kabla ya jioni Fundi Kamba alikuwa amesimamishwa kazi miezi sita.

Kesho yake Afande alimkuta kibarazani kwa mama, amevaa khanga na macho yamevimba. Alimwekea bamba mapajani. Pembeni lilikuwa limevimba, tabaka zimeanza kuachana. Fundi Kamba aliingiza kidole kwenye mwanya, kikazama hadi kwenye pingili.

"Siku ya kwanza ungeniambia, ningekucheka tu," Afande alisema. "Siku tano, mpenzi. Nimepanda lori mara nne."

"Najua. Sina la kujitetea."

"Mama anasema nisikuoe."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nitakuoa. Ila si sasa. Niache kwanza nikasirike nimalize."

Ndani cherehani ilikuwa inanguruma bila kupumzika. Fundi Kamba alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kesho unasafiri?"

"Nasafiri."

"Zamu ya chuma ni ya nani?"

"Nimeshampa mwenzangu hadi mwisho wa mwezi. Siwezi kumnyang'anya, ana mtoto."

"Utavaa nini?"

"Shati."

Fundi Kamba alitafuta neno la kumtuliza, na maneno ya kutuliza alikuwa nayo mengi. Hakulitoa hata moja.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana, Afande."

Afande aliketi kando yake, bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.

"Hata mimi," alisema. "Afadhali umeniambia."