Kiti cha Pembeni

Umeme ulikatika wakati jengo la maduka ya kompyuta limefurika watu hadi kwenye ngazi. Giza likawameza wauzaji, wanunuzi na wapita njia. Watu wakaanza kusukumana, na katikati ya makelele hayo ikasikika sauti ya mwanamke:

"Jamani, msinisukume! Nimebeba mtu!"

Watu wakapisha. Kijana mmoja akawasha tochi ya simu na kummulika. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi na kilemba cheusi, na kifuani alikumbatia kitu kizito kilichoviringishwa kwa shuka.

"Mtu mwenyewe mbona anatoa waya?" kijana akauliza.

Mwanamke akatazama chini. Kweli, waya ulikuwa unaning'inia.

"Nimesema mtu? Nilitaka kusema mashine."

"Umesema mtu, dada yangu. Masikio yangu nayasafisha kila asubuhi."

Kijana huyo alikuwa fundi, na jengo zima lilimwita Bisibisi kwa sababu ya bisibisi ndogo aliyoichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Alimpokea mzigo, akashangaa: ule mzigo ulikuwa na joto, kama mtoto aliyetoka kulala.

"Inaumwa nini?"

"Inaganda. Nikiandika inasimama, feni inalia. Hilo tu. Ila maneno yake usiyaguse."

"Maneno gani?"

"Ukiyaona utayajua." Akaandika namba yake ya simu na chini yake neno moja: Karani. Ndivyo walivyomwita kazini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda za mikutano ya wakubwa na kuiandika nyumbani, neno kwa neno.

Umeme uliporudi, alikuwa ameshaondoka.

Mchana ule Bisibisi alifungua mashine, akatoa vumbi, akazima programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe na kuibebesha mashine mzigo wa bure. Ikaanza kukimbia kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kisha, ili kuijaribu, akafungua ukurasa mtupu na kuandika upuuzi wa kwanza uliomjia: Mimi ni fundi bora, niko peke yangu. Akabonyeza kitufe cha nafasi.

Maneno "niko peke yangu" yakafutika mbele ya macho yake. Mahali pake pakatokea: Kiti cha pembeni kina mtu.

Na kutoka kwenye spika, sauti nzito ya kiume, isiyo na haraka, ikayasoma.

Bisibisi akageuka. Kwenye stuli ya pembeni lilikuwapo koti lake tu, mabega yametuna kana kwamba mtu yumo ndani. Akaliondoa, akalitundika mbali, akampigia simu mteja wake.

"Karani wa watu, mgonjwa wako amepona. Ila nadhani ana pepo."

Karani akauliza kwa sauti ndogo, "Amesema nini?"

Hakuuliza "imesema nini." Bisibisi alilisikia hilo.

Jioni aliipeleka mashine mwenyewe. Karani aliishi chumba na sebule, ghorofa ya chini. Meza ya kazi ilitazama dirisha, na pembeni ya kiti chake palikuwa na kiti kingine chenye mto uliovimba, mto ambao haujakaliwa. Bisibisi alipotaka kukaa, mwanamke mnene aliyekuwa anakunja nguo akamdaka mkono.

"Hapo hapana, baba. Kaa kwenye mkeka."

"Huyu ni wifi yangu," Karani akasema. "Anakaa juu, lakini kiroho anakaa humu."

"Nisipokaa, nani atakulinda na mafundi wenye mashati meupe?"

Walicheka. Kisha Karani akasimulia. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alipougua hakuweza tena kushika usukani, akaomba awekewe kompyuta kitandani. Hakuwa anajua hata kuizima. Karani alidhani anacheza michezo. Alipokwisha kumzika, akarudi kazini, akaandika "nimechoka," na mashine ikamjibu: Paki pembeni, Vidole. Lala.

"Vidole ndiyo jina alilonipa," akasema. "Kwa jinsi ninavyochapa haraka."

"Basi si pepo," Bisibisi akasema, ingawa hakugeuza shingo kutazama kile kiti. "Ni kisahihishi cha maneno. Ukikosea 'kitabu' kinakurekebishia. Sasa unaweza kukiamuru: akiandika hiki, weka kile. Mumeo amekipangia. Na sauti ni programu ya kusoma, ameishusha tu iwe nzito. Ni mipangilio, Karani."

"Mipangilio inajuaje siku niliyoogopa? Nimeandika 'naogopa,' imeniambia, Washa taa zote mbili, twende. Alijuaje?"

Fundi akasema atarudi kesho kuikagua feni.

Tangu hapo kila kitu katika mashine ile kikahitaji matengenezo. Mara rangi ya skrini inaumiza macho, mara kibodi imelegea, mara herufi ni ndogo mno.

"Halo, mpenzi wa vumbi," Karani humtania kwenye simu. "Leo umegundua kasoro gani?"

"Kishale chako cha skrini. Kinakwenda polepole, hakiendani na mwenyewe."

"Kishale kizima. Sema umenikumbuka."

"Nimekukumbuka hadi nimefunga skrubu kinyume."

"Njoo basi, roho yangu. Wifi amesema chai haitoshi, ila anakusalimu."

Alikuwa akija na kukaa mkekani. Karani akichapa, yeye hutazama shingo yake na kilemba kinavyotikisika. Lakini kila mara sauti ile ilitokea, tulivu, ikimwita mwanamke yule kwa jina asilomwita mtu mwingine, na Karani akatabasamu kuelekea kwenye kiti kitupu. Hakuwahi kutabasamu hivyo kuelekea mkekani.

Kisha kikatokea kisa cha mkurugenzi. Mkutanoni alikuwa amesema, "Nimechoka kuwasubiri mameneja." Karani akaandika haraka, kanda ikiwa masikioni, asione mashine ilivyobadilisha. Mbele ya bodi nzima mkurugenzi akasoma kwa sauti: "Paki pembeni, Vidole. Lala. Kuwasubiri mameneja."

"Walicheka mpaka mmoja akatoka nje!" Karani alimwambia Bisibisi kwenye simu, mwenyewe akicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Ikitokea tena nimefukuzwa. Nifanyeje? Siwezi kukosa kazi. Na yeye siwezi kumkosa."

"Niachie mimi," akasema Bisibisi.

Alikwenda kesho yake asubuhi, Karani akiwa ameitwa ofisini kujieleza. Wifi alimfungulia, akapanda juu kuanika nguo. Fundi akabaki na mashine. Akafungua mipangilio, akanakili kila kitu kwenye flashi, kama fundi yeyote afanyavyo kabla ya kugusa kazi ya mtu. Kisha akasita. Kile kiti kilikuwa pembeni yake. Hewa ya upande ule ilikuwa ya baridi, au ndivyo alivyohisi.

"Samahani, kaka," akanong'ona. "Ni kazi yake ninayoiokoa."

Alijua anadanganya. Akafuta. Majibu yote yakaondoka, na sauti nzito akairudisha ilivyotoka kiwandani.

Karani aliporudi, hakuvua hata viatu. Akaandika "niko peke yangu," akabonyeza nafasi. Maneno yakabaki palepale. Sauti nyembamba, ya mtu asiyekuwapo popote duniani, ikayasoma: "Niko peke yangu."

"Umemfanya nini?"

"Nimekuokolea kazi."

"Nilikuambia maneno yake usiyaguse! Siku ya kwanza nilikuambia, gizani, kabla sijaujua hata uso wako!"

"Na mimi je?" Bisibisi akafoka. "Nishindane vipi na mtu asiyekula, asiyelala, asiyekosea hata neno moja? Nimekaa mkekani kama mgeni wa msiba!"

"Hukuambiwa ushindane. Toka."

Akatoka, na bisibisi yake ikaanguka kizingitini. Hakurudi kuiokota.

Siku zikapita bila simu. Kisha akapigiwa na Wifi.

"Wewe fundi. Kaka yangu umemzika mara ya pili, na safari hii hatukuitwa hata mazishini."

"Wifi, nisikilize..."

"Mimi si wifi yako. Hajala. Anachapa kazi za watu, kisha anaandika maneno matupu, anangoja. Anangoja tu, anatazama skrini. Nikimwita haitiki. Nyumba imekuwa kama simu iliyokatika."

Karakana ilikuwa imetulia mchana ule. Bisibisi akaitoa flashi mfukoni. Alikuwa amekusudia kuitupa, ila kila alipofika kwenye pipa mkono ulikataa. Akaichomeka kwenye mashine yake, akayapakia majibu ya marehemu, ili ajue tu aliyemfuta alikuwa mtu gani. Akaandika jambo lililokuwa likimsumbua: Nimemkosea.

Akabonyeza nafasi.

Geuza gari. Barabara bado ipo.

Sauti nzito ikayasoma, taratibu, karibu na sikio lake. Bisibisi alifunga duka na kukimbia. Alikuwa keshafika barabarani alipokumbuka kwamba mashine yake ya karakana haikuwa na spika.

Karani alifungua mlango, macho yamevimba, kilemba hana.

"Nimemrudisha," Bisibisi akasema, akiwa ameinua flashi. "Sikuja kuomba chochote. Niruhusu nifanye kazi niliyopaswa kuifanya mwanzoni, kisha nitaondoka."

Karani akasogea apite. Fundi akaigawa mashine milango miwili, kila mmoja na jina lake la kuingilia. Ukiingia wa kazini, maneno hubaki kama yalivyosemwa na wakubwa. Ukiingia wa nyumbani, yeye yupo, na sauti yake, na kila alichokipanga.

"Ningekuuliza tu, ningefanya hivi siku ileile," akasema. "Wivu ulinifunga macho. Nisamehe."

Karani akakaa. Akaingia mlango wa nyumbani, akaandika "nimechoka."

"Paki pembeni, Vidole. Lala."

Akafunika uso kwa viganja, akalia, akacheka, akalia tena. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na khanga mdomoni. Bisibisi akanyanyuka aende zake.

"Ngoja," Karani akasema, bila kugeuka. Vidole vyake, vilivyozoea kukimbia, sasa vilitembea herufi kwa herufi: Nampenda fundi. Kishale kikawa kinawaka na kuzima mwisho wa neno. Kidole kikaning'inia juu ya kitufe.

"Usibonyeze," Bisibisi akasema. "Alikuwa na jibu la kila kitu."

"Ndiyo maana nabonyeza."

Akabonyeza.

Feni ikapanda, ikavuma kama lori linalopanda mlima. Taa ya ukutani ikafifia. Maneno kwenye skrini hayakutikisika. Kisha sauti nzito, kama ya mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali, ikayasoma kama yalivyo:

"Nampenda fundi."

Feni ikashuka. Chumba kikatulia.

"Kaka yangu huyo," Wifi akanong'ona. "Aliyekuwa ananuna jirani akimsalimu mkewe."

Bisibisi akainama juu ya bega la Karani, akaandika neno moja: Nikuoe. Alipofikisha kidole kwenye kitufe, Karani akamshika mkono.

"Hili asijibu yeye," akasema. "Hili ni langu."

Akamvuta karibu, akamjibu sikioni, polepole, na Wifi aliyetega masikio yote mawili mlangoni hakuambulia hata silabi.