Mlianza Kumsomea Lini?

Asubuhi ile mahamri ya Raghad yaliungua mara mbili. Hakuwa na raha. Alikaa, akainuka, akachungulia nje, akarudi jikoni. Mwanawe Mussab, wa miaka mitatu, alikuwa amepatikana na saratani ya jicho. Na leo Samiha, muuguzi mtafiti, alikuwa anakuja kumhoji.

Samiha alizaliwa papa hapa Mtopanga. Alipofika, hata chai haijamiminwa, Raghad alimvaa.

"Mwataka kumfanyia majaribio mwanangu?"

"La, dadangu. Nataka kuuliza tu. Ukikataa, Mussab atatibiwa vile vile."

"Haya, uliza."

"Dalili ya kwanza mliiona lini?"

"Wiki mbili kabla ya kwenda hospitali."

Samiha aliweka kalamu chini. "Swali hili limetungwa mbali. Kila mama hunijibu wiki mbili. Sasa nikuulize letu. Mlianza kumsomea lini?"

Raghad alihesabu miezi kwa vidole. Mboni ya Mussab ilipoanza kung'aa nyeupe, mama mkwe alisema mtoto ametiwa jicho, kuna mtu amemhusudu. Wakamsomea Kurani, wakamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Hakuna aliyeiita dalili. 

"Miezi minane," alisema, akalia.

"Mficha uchi hazai," Samiha alisema kwa upole. "Wala sikulaumu, hamkuambiwa. Dua endeleeni nayo. Lakini mboni ikionekana nyeupe, hospitali siku hiyo hiyo. Saratani hii ikiwahiwa hutibika, na mara nyingine hata jicho huokolewa."

Mussab alitolewa jicho, akapona. Raghad hakutulia. Ile miezi minane ilimchoma.

Samiha na wenzake walilitia swali lao katika utafiti. Majibu yakaonyesha miezi ilikokuwa ikipotelea. Basi wakawaendea maalimu wanaosomea watoto, wakawafundisha kutazama mboni. Raghad alifuatana na Samiha nyumba kwa nyumba. Baadaye alifundishwa kuwahoji akina mama kliniki.

Siku moja aliingia mama mgeni, Fairuz, na mtoto mchanga mgongoni. Mboni ya mtoto ilikuwa nyeupe. Raghad akashika kalamu.

"Mlianza kumsomea lini?"

"Jana," alisema Fairuz. "Maalimu alimtazama jicho, akasema dua ataomba yeye, mimi nije huku mbio."

"Lini?"

"Jana, dadangu. Kwani nimekosea?"

"Hujakosea, wallahi," alisema Raghad, akaandika: jana.

Jicho la mtoto yule halikutolewa.